Jibu kwa Isabirye, Walukuba

Ulinikuta lehemu mkononi, moshi wake machoni,
ukauliza kama anayeulizia bei ya nyanya:
"Mama Fundi, huu muziki wa roki wa zamani
mtu anauanzia wapi?"
Nikakujibu vibaya. Nikasema, kaa hapo, shika tochi.
Ndiyo maana nakuandikia sasa,
nyuma ya risiti za watu ambao hawajarudi
kuchukua redio zao.

Usianzie juu ya rundo.
Za juu ni zile ambazo kila mgeni huzisifu,
zimesifiwa mpaka zimechoka, kama bibi harusi siku ya tatu.
Wala usianzie na miaka, nani alimtangulia nani;
hiyo ni nasaba, na nasaba husomwa matangani.

Mimi nilianza na kreti ya soda.
Baba alikuwa mlinzi wa kiwanda cha nguo.
Usiku mmoja, mwaka wa sabini na mbili, akarudi nayo
kutoka nyumba ya Barabara Kuu iliyoachwa taa zikiwaka
na chai nusu kikombe.
Hakusema aliinunua. Hakusema hakuinunua.
Santuri arobaini na moja,
na moja katikati, kwa wino wa kijani:
Nalini, darasa la sita.

Anzia na ya Nalini.
Ina mkwaruzo.
Gitaa linapanda ngazi, linapanda, linapanda,
halafu linateleza, linarudi chini, linapanda tena,
mpaka uisukume sindano kwa ukucha.
Miaka thelathini nilidhani ndivyo ulivyotungwa.
Kisha siku moja, kwenye redio ya mteja wa Bugembe,
nikausikia mzima:
gitaa likafika juu, likapita,
likaenda zake.
Nilikaa chini. Yule mteja nilimtoza nusu bei.
Sikujua kama nimepewa kitu au nimeibiwa.

Ukishalizoea gitaa, sikiliza chini yake.
Kuna besi. Haijidai. Ni kama jenereta ya jirani,
huisikii mpaka inyamaze.

Maneno yasikuhangaishe.
Kiingereza changu kiliishia darasa la nne
na bado nililia pale pa kulia.

Watakuambia roki ni mambo ya Wazungu.
Waulize Jinja maana yake nini.
Jiwe. Mji mzima unaitwa jiwe,
na roki nayo ni jiwe, mwamba, kwa lugha ya wenyewe.
Palikuwa na mawe pale mto unapotoka ziwani;
nyanya yangu aliyasikia maji yakinguruma juu yake
akiwa kitandani. Likajengwa bwawa, maji yakapanda,
mawe yakazama hayajamaliza kusema.
Sisi tukapewa umeme.
Basi nikichomeka waya, gitaa likapayuka
kwa koo lililojaa kokoto,
mimi najua ni nani. Wewe amini upendavyo.

Jana ulikatika, katikati ya ya Nalini.
Sauti ya mwimbaji ikashuka, ikawa nzito,
ikawa ya mtu anayesinzia kwenye hotuba, ikazimika.
Ukainuka ukaenda. Laiti ungengoja.
Niliweka kidole juu ya santuri, nikaizungusha polepole,
nikainamisha sikio mpaka kwenye sindano.
Bila spika, bila bwawa, ilikuwa inaimba,
kijisauti chembamba, kama mbu aliyesoma.
Ikafika penye mkwaruzo.
Ikateleza. Nikaiacha iteleze.

Njoo kesho baada ya isha.
Uje na betri za tochi, zangu zimekwisha.
Na kucha zako ukate, ni ndefu mno,
ila ya kidole cha shahada. Hiyo uiache.